Unyoya wa Kurambazia Sehewa

Assalamu alaykum, ndugu zangu wavuvi.

Nataka tuzungumzie jambo moja: kwa nini mtu hurambaza, yaani huvuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, asubuhi nzima kandoni mwa kundi la sehewa, samaki wa jamii ya jodari, maji yanachemka kwa samaki, na mshipi hauguswi. Mara nyingi kasoro imo katika unyoya wenyewe, yaani chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoana. Ni mkubwa mno.

Sehewa akishashughulika na dagaa wa urefu wa kidole, kitu cha urefu wa kiganja hakishughulikii. Ukimpata mmoja, mpasue tumbo, pima alichokula, kisha funga unyoya wa kimo hicho hicho. Manyoya ya shingo ya jogoo mweupe, sita au manane, yanatosha. Yapange kuuzunguka mti wa ndoana, ncha zielekee nyuma na kuupita upindo kidogo tu. Zikizidi, samaki huuma mkia wa manyoya akakikosa chuma. Zungusha uzi, kaza, tia gundi, acha ikauke usiku kucha. Manyoya yakijaa upande mmoja, chambo huzunguka badala ya kuogelea, na mshipi wote hujisokota. Kwa hiyo kabla ya kuuachia mshipi, kivute chambo ubavuni mwa chombo ukitazame. Hakiendi sawa? Fungua, ufunge upya. Hakitajinyoosha chenyewe.

Mbele ya ndoana tia nailoni nyembamba, pima moja hadi mbili. Fundo lirowesheni mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu ikisuguana hupata moto na kudhoofika. Waya ni wa nguru, mwenye meno ya kukata. Sehewa mara nyingi huukwepa.

Uachieni mshipi mita 30 hadi 50 nyuma. Kule nje ya kisiwa cha Misali, mkiwaona ndege wanajitupa majini, msilikate kundi la samaki katikati, litapiga mbizi. Lipiteni kando, mtangulie linakoelekea, kisha pindeni chombo ili unyoya ndio upite ukingoni mwake.

Akishapanda, mkateni matamvua atoke damu, mtieni barafu papo hapo. Hili nalisisitiza sana. Samaki wa jamii ya jodari akikaa juani hujaa histamini, kemikali inayomdhuru mlaji: huwashwa mwili, uso ukamwiva, kichwa kikamgonga. Kupika hakuiondoi, wala kukaanga, wala kukausha. Siku ambayo hamna barafu, mfunikeni kwa gunia bichi kivulini, na rudini mapema hata kama samaki bado wanakula.