Mwendo Juu ya Ukuta Uliotulia

Mabibi na mabwana, walimu wangu, nanyi wanafunzi wa usanifu majengo,

Tunapotaja mwendo katika majengo, aghalabu fikira zetu hukimbilia mota na mitambo. Hoja yangu jioni hii ni kwamba hapa Nairobi, mji ulio nyuzi 1 na ushei tu kusini mwa Ikweta, msanifu anayetaka jengo lake lionekane kuwa hai aanze na uso wa ukuta wenyewe: mifuo yake, matuta yake, ukwaruzi wa jiwe lake.

Chukueni ukuta wa mawe ya Ndarugo, yale ya kujengea yachimbwayo karibu na Nairobi, unaotazama mashariki, ambao mwashi ameacha safu moja ikitokeza nje kwa sentimita 2. Mwezi Machi jua letu hupanda karibu wima. Saa mbili asubuhi linaupiga ukuta huo usoni, na kivuli kilicho chini ya safu ile hakifiki sentimita 1. Kufikia saa nne na nusu kimeshuka hadi sentimita 3 hivi. Inapokaribia saa sita, mwanga ukiwa sasa unauparaza ukuta kutoka juu, kivuli hicho hicho kinafika takriban sentimita 11. Jiwe halikusogea hata kidogo, lakini mtu aliyepita hapo akienda kazini, kisha akapita tena akitafuta chakula cha mchana, ameona kuta mbili. Tena mwendo huo hauna kasi moja: hujikokota asubuhi nzima, kisha hukimbia adhuhuri inapowadia. Kwa sababu hiyo nawasihi, mnapochora sura ya jengo, mchore vivuli vya saa mbalimbali, maana mchoro wa wakati mmoja tu huificha kazi yote ya mwashi.

Kuta za kaskazini na kusini zina hesabu nyingine, ambayo naamini hatuifundishi vya kutosha. Ukuta wa kaskazini hupata jua la adhuhuri tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, nao wa kusini hulipata miezi iliyobaki. Lakini Juni hadi Agosti ndio msimu wetu wa baridi na mawingu, kwa hiyo nakshi iliyochongwa kwa gharama kubwa upande wa kaskazini huweza kukaa siku nyingi bila kivuli, ilhali ya kusini hupigwa na jua kali la Januari na Februari. Tindo la fundi na litumike zaidi mashariki, magharibi na kusini. Kaskazini tutegemee rangi, pamoja na mimea itambaayo ambayo majani yake hutikiswa na upepo hata anga likiwa limefunga.

Mitambo nayo ina heshima yake. Katika Institut du Monde Arabe mjini Paris, jengo la Jean Nouvel na wenzake lililokamilika mwaka 1987, ukuta wa kusini una paneli 240 zenye macho ya chuma yaliyoundwa kufumbua na kufumba kwa kufuata mwanga. Minara ya Al Bahr mjini Abu Dhabi, ya mwaka 2012, ina vikinga-jua vya pembetatu vinavyojikunja na kujikunjua jua linapozunguka. Kazi zote mbili zilichota wazo kutoka mashrabiya, yaani viunzi vya mbao vilivyotobolewa vya madirisha ya Kiarabu, na nazistahi sana. Hata hivyo, mengi ya macho yale ya Paris yaliganda kadiri miaka ilivyopita, kwa kuwa kila kiungo kinachosogea kinadai mtu wa kukitunza maisha yote ya jengo.

Ikiwa basi jengo lenu lahitaji sehemu inayosogea, pendekezo langu ni vibao vya mbao vinavyogeuzwa kwa mkono kutoka ndani, ofisi kwa ofisi, ili sura ya nje ibadilike kwa matakwa ya waliomo. Bawaba zake ziwe za kawaida, zinazouzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, na kila kibao kiwe na njia ya kung'olewa na fundi mmoja akiwa ndani ya chumba, pasipo kujenga jukwaa nje.