Hewa Inakwama Kutoka: mhadhara kwa watu wa chukudu, Goma

Aksanti. Kaeni, wandugu, kaeni. Wale wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, wasogee mbele, leo ninyi ndio darasa: tunajifunza mazoezi ya pumzi kwa wanaovuta sigara. Wamotari, ninyi wa pikipiki, mtanisamehe, zamu yenu itafika.

Siku moja mtazameni vizuri mvutaji wa sigara anapopumzika kando ya barabara. Anavuta polepole, anashikilia kidogo, anaachia polepole. Mabega yanashuka, uso unalegea. Kisha anasema, sigara imenituliza. Nikotini ina sehemu yake, sikatai: mwili ulikuwa unaidai, deni limelipwa. Lakini fanya vilevile bila kitu mkononi, kwa dakika tatu, utashangaa ni kiasi gani cha ule utulivu kilikuwa pumzi tu. Kwa hiyo asije mtu kuniambia mazoezi ya pumzi ni mambo ya watu wenye nafasi. Mvutaji wa pakiti moja anayafanya mara 20 kwa siku. Tatizo ni kwamba anayafanya na moshi.

Papa, wewe wa koti la kijani, njoo hapa. Una miaka mingapi? Hamsini na miwili. Na sigara tangu lini? Tangu kabla ya ndoa, haya, tumeelewa. Vuta hewa mpaka kifua kijae, halafu ipulize yote kwa nguvu, mdomo wazi, usiache mpaka iishe kabisa. Mwenye saa ahesabu.

Tisa. Mmesikia lakini? Mwanzo ulikuwa upepo, kufika ya nne ikawa filimbi nyembamba, kama mlango wa bati usiofunga vizuri. Sasa wewe kijana usiyevuta. Tatu na nusu, basi. Mapafu mazima yanamaliza hivyo, sekunde tatu au nne. Zikivuka sita, mimi sisemi una ugonjwa, nasema twende kwenye spiromita. Ile mashine inapima hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza, inailinganisha na yote uliyotoa. Ikiwa hata baada ya kupewa dawa ya kupanua mirija bado haifiki 70 kati ya 100, mirija imebana.

Papa, ukipanda mlima unajisikiaje? Anasema hewa haiingii. Wote wanasema hivyo, na wote wanasema kitu wanachokihisi kweli. Ila kinachotokea ndani ni kinyume. Fikirini taksi-basi imefika imejaa, abiria hawajashuka, na wengine wanasukumana kupanda. Walio nje wanalia kwamba mlango ni mdogo. Mlango hauna shida, shida ni wale ambao hawajashuka.

Mirija midogo ya mapafu haina mfupa wa kuishikilia. Inashikwa wazi na nyuzi zinazovutika za vifuko vya hewa vinavyoizunguka, kama hema linavyoshikwa na kamba zake. Moshi wa miaka mingi unakata kamba. Halafu ukipuliza kwa nguvu, mrija unalala kabla hewa haijamalizika, na ya zamani inabaki ndani. Ukikimbilia kuvuta nyingine, unaiongeza juu ya ile. Kifua kinavimba, kiwambo, yaani ule msuli ulio chini ya mapafu, kinasukumwa chini kinakuwa bapa, na msuli uliokuwa ukikupa pumzi sasa hauna pa kwenda.

Ndiyo maana zoezi la kwanza si kuvuta, ni kutoa. Vuta kwa pua, hesabu mbili. Toa kwa mdomo uliobanwa kama wa mtu anayepoza chai, hesabu nne. Usipulize kwa nguvu, chai itamwagika. Midomo iliyobanwa inarudisha shinikizo kidogo nyuma, mpaka kwenye mirija, nayo inakaa wazi muda mrefu zaidi. Mkitembea: hatua mbili kuvuta, nne kutoa. Mkisukuma mzigo, tolea hewa pale unaposukuma. Wengi mnabana pumzi wakati huo, nimewaona.

Na kuna kitu ninyi mlikijua kabla yetu. Mtu akitoka kijiji cha Kibumba na magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, njia ikipanda na pumzi zikimwishia, anafanya nini? Anainamia usukani wa chukudu, viwiko juu yake, kichwa chini. Hospitalini tunawafundisha wagonjwa kukaa hivyo hivyo! Mikono ikishikizwa, misuli ya shingo na kifua inasaidia kupumua, na kiwambo kinapata nafasi yake. Asiyejua atadhani mnalala.

Sasa, mambo ambayo mazoezi hayafanyi, maana kuna wanaopita mitaani wakisema yanaosha mapafu. Hayaoshi. Kifuko kilichopasuka hakirudi. Ukirudi kwenye spiromita baada ya miezi mitatu ya mazoezi, huenda namba ikawa ileile, huku wewe unapanda mtaa wa Ndosho bila kusimama mara tatu. Vyote viwili ni kweli: mapafu hayajabadilika, matumizi yake yamebadilika.

Namba inafuata sigara. Marekani na Canada waliwachukua wavutaji karibu 6,000 ambao mirija yao ilikuwa imeanza kubana, wakawafuata kwa miaka 11. Wanaume walioacha walipoteza kama mililita 30 kwa mwaka, yaani vijiko viwili vikubwa, karibu sawa na mtu yeyote anayezeeka. Walioendelea walipoteza 66. Pigeni hesabu ya miaka kumi: tofauti inazidi chupa ndogo ya soda, hewa ambayo hutaitoa tena katika ile sekunde ya kwanza. Na Uingereza, mwaka 2008, ilitoka habari ya wavutaji walioelezwa umri wa mapafu yao, kwa mfano una 52 lakini unapuliza kama mtu wa 75. Baada ya mwaka, karibu 14 kati ya 100 walikuwa wameacha, na kwa wenzao waliopewa namba tupu ni 6 tu. Papa, usiniangalie hivyo, yako tutaipima kesho.

Hapa Goma tuna deni lingine. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu, kama sehemu moja kati ya sita. Juu yake mvutaji anaongeza monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu iliyo ndani ya moshi, inayong'ang'ania damu kuliko oksijeni mara zaidi ya 200. Hiyo, kwa bahati, inatoka upesi: siku moja bila sigara sehemu kubwa imekwenda. Lakini ukilala na mbabula, yaani jiko, ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa, unaivuta hata kama hujawahi kushika sigara, na unaweza usiamke.

Na nyinyi mnaoshuka ziwani alfajiri kufanya mazoezi: msifanyie kwenye mashimo na mabonde madogo yenye majani yaliyokauka bila sababu. Mazuku ni hewa nzito ya volkano, inatulia chini, hasa usiku na asubuhi kabla ya upepo. Humo pumzi ndefu ndiyo mbaya kuliko zote. Fanyieni juu, barabarani.

Kuhusu hamu ya sigara: inapanda, inakaa dakika chache, inashuka. Zile mbili kwa nne, mara kumi na tano, zinasaidia kuivusha. Ikirudi, unaanza upya.

Wenye makohozi, chupa za zoezi la kuyalegeza ziko pale mlangoni. Maji yafike sentimita kumi, mrija wa mpira wa unene wa kidole kidogo, puliza mapovu polepole, usivute maji. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili aende kwanza kupimwa kifua kikuu. Na mpira ni wa mtu mmoja, msiazimane.