Umri Unaoandikwa Kaunta ya Polisi

Waheshimiwa mahakimu, ndugu zangu wa ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mnaijua, sitawasomea. Kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Mimi nataka tuanzie kaunta ya polisi.

Kijana amezolewa usiku kwenye msako. Cheti cha kuzaliwa hana, mama yake hajui aliko. Anaulizwa umri. Wenzake mahabusu wameshamfundisha aseme 18, eti wakubwa hulipa faini wakaenda zao, watoto husubirishwa mpaka wazazi wapatikane. Askari naye anaandika 18, kwa kuwa akiandika 15 itambidi amtafute mzazi, amwite afisa ustawi na amtenge na watu wazima, na chumba cha kumtengea hana. Basi karatasi zote zinafuata ile ya kwanza: hati ya mashtaka, karandinga, gereza, mnyapara anayempangia pa kulala. Nimelisema hili mpaka wengine wananikwepa, na nitalisema tena. Hakimu, sheria inakutaka uchunguze umri. Mtazame usoni, muulize mwaka jana alikuwa darasa la ngapi, kabla shtaka halijasomwa!

Mtaniambia: na Panya Road je, lile genge la vijana wa mapanga, anayekata watu naye ni mtoto? Akiwa na miaka 15, ndiyo, ni mtoto. Sijasema aachiwe. Lakini iko siku atatoka, na atatoka na alichofundishwa na watu wazima aliofungwa nao.

Mahabusu za watoto tunazo Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha, Mbeya na Mtwara. Aliyekamatwa Kigoma anatengwa wapi?

Sasa ushauri nasaha. Tumemwachia afisa ustawi yuleyule anayeandika taarifa ya mtoto kwa ajili ya mahakama. Mtoto si mjinga. Anajua akitaja aliyempa panga, au anayotendwa na baba wa kambo, yatafika kwa hakimu. Ananyamaza, nasi tunaandika kwamba hatoi ushirikiano. Mshauri awe mtu mwingine kabisa, aje kila wiki siku ileile, na mahakama isimdai neno.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Wasichana, kwa ufupi: kwa kuwa ni wachache, hukosa hata chumba chao. Wenzetu Kenya wamewatengea Kamae, taasisi ya kurekebisha wasichana, jirani na gereza la Kamiti. La wanaomaliza muda na kurudi mtaani nilikuwa nimeliandaa. Niulizeni kwenye maswali.