Sema kabla hujameza: mzio na ujauzito

Akina mama, na nyinyi akina baba mliokaa karibu na mlango kama watu wanaongoja matatu, hamjambo? Nimeombwa nizungumze kuhusu mzio, ambao wengi wetu hapa Kisumu tunauita aleji, na mimba. Mimi ni mkunga. Nitapita kwenye pua na ngozi, halafu nitakaa kwenye dawa, maana huko ndiko ninakoona akina mama wakiumia bila sababu.

Pua, basi. Mama huja kliniki akasema, "Sista, nina aleji, pua imeziba mwezi mzima." Mara nyingi hiyo ni mimba yenyewe. Damu imeongezeka, homoni zimepanda, na utando wa ndani ya pua umevimba. Karibu mama mmoja kati ya watano hupata hali hiyo, na huisha ndani ya wiki mbili hivi baada ya kujifungua. Lakini macho yakiwasha, machozi yakitiririka, chafya zikifuatana kila ukikung'uta blanketi, hapo huenda ni mzio kweli. Vinavyouamsha mnavijua: vumbi la kiangazi, chavua ya nyasi mvua zikishika, manyoya ya paka. Moshi wa jikoni, na ule wa miwa ikichomwa huko Muhoroni na Chemelil, si mzio hasa, lakini huchokoza pua na kifua ambavyo tayari vina shida. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani. Jamii ya wadudu hao imejulikana kule Sudan, kando ya Mto Nili, kwa kuleta pumu. Wakifa dirishani na kukauka wanageuka vumbi. Wasifagiliwe, wapanguswe kwa kitambaa chenye maji. Na kazi hiyo, baba, hata wewe unaiweza.

Kwa pua iliyoziba, anza na maji ya chumvi: robo kijiko cha chai kwenye kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Nasema yaliyochemshwa. Si ya bomba, si ya ziwa. Zile dawa za matone za kufungua pua zisizidi siku tatu, kwa sababu ukizizoea pua inaziba zaidi. Na vile vidonge vya mafua vilivyochanganywa dawa za kuzibua pua, miezi mitatu ya kwanza viache kabisa.

Sasa dawa. Kuna neno linalotembea mitaani, kwamba mjamzito hamezi kitu. Linasemwa kwa upendo, na mama mkwe ndiye mwalimu mkuu wa somo hilo. Matokeo yake, mwenye pumu anaificha inhela yake chini ya godoro. Mama zangu, mtoto hana hewa yake huko tumboni, anategemea yako. Kati ya wajawazito wenye pumu, theluthi hivi hupata nafuu, theluthi hubaki walivyokuwa, na theluthi huzidiwa. Huwezi kujua mapema wewe utakuwa wapi. Pumu isiyodhibitiwa huandamana na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, au na uzito mdogo, na mama kupanda presha. Dawa za pumu kama salbutamol ya kuvuta na budesonide zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi. Kwa chafya na kuwashwa, tuna Piriton, ambayo hulevya usingizi, na tuna loratadine na cetirizine. Uliza kliniki ipi inakufaa, lakini usiteseke kimya ukidhani unamlinda mtoto.

Upande wa pili wa jambo hili ni dawa tunazokupa sisi wenyewe. Hapa kanda ya ziwa kuna malaria mwaka mzima, kwa hiyo kuanzia wiki ya 13 unapewa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukukinga na malaria, unavimeza sista akikuangalia, na kila dozi inaachana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Ndani ya SP mna salfa. Kama uliwahi kumeza Septrin au Fansidar, ambazo nazo zina salfa, ukatoka malengelenge, midomo ikavimba au ngozi ikabambuka, sema kabla hujameza. Ukisema, tutakutafutia njia nyingine ya kukukinga. Ukinyamaza kwa kuogopa kuonekana msumbufu kwenye foleni, unaweza kulazwa. Lakini kichefuchefu na kizunguzungu baada ya SP si mzio. Wapo wanaoitema nyuma ya choo kwa sababu hiyo, halafu malaria inawafuata.

Penisilini nayo: wengi walioandikiwa "aleji ya penisilini" walitoka tu vipele utotoni wakati wa homa. Tueleze ilivyotokea, tusiishie kwenye jina la dawa. Mjamzito akipatikana na kaswende, penisilini ndiyo dawa inayotegemewa kumtibu pia mtoto aliye tumboni. Hata mwenye mzio wa kweli anaweza kuzoeshwa kidogo kidogo, hospitalini, chini ya uangalizi.

Ngozi nimeiacha nyuma, ila haihitaji mengi. Neti mpya ikikuwasha uso, ianike kivulini siku moja kabla ya kuitumia. Usiitupe. Kuwashwa tumbo linapotanuka ni kawaida. Lakini miezi ya mwisho, viganja na nyayo zikiwasha usiku bila kipele chochote, hiyo si aleji, inaweza kuwa ini, na mtoto yuko hatarini. Usinunue Piriton, njoo upimwe damu kesho yake. Na ukivimba uso au koo, ukakosa pumzi baada ya kuumwa na nyuki au kula kitu, lala kwa ubavu wa kushoto, na watu wakukimbize hospitali upate sindano ya adrenalini. Sindano hiyo haikatazwi mjamzito.

Dada mwenye leso ya kijani ameuliza kama aache njugu na omena ili mtoto asipate aleji. Kama wewe mwenyewe havikudhuru, kula. Mayai pia kula, hata kama bibi yako alikatazwa. Utafiti uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto walioanzishiwa njugu mapema, kati ya miezi 4 na 11, walipata mzio wa njugu kwa kiasi kidogo sana kuliko walionyimwa. Sisi tunanyonyesha maziwa matupu hadi miezi sita, kisha njugu zilizosagwa laini zinaingia kwenye uji. Nzima nzima hapana, zinakaba. Ila kama mtoto ana ukurutu mkali, mlete kwanza tumwone.

Waliokuja na vitabu vya kliniki, vileteni hapa mbele. Peni ninayo.