Kuandika mapenzi kwa mwendo wa taarabu

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia jambo ambalo waandishi wengi wa riwaya hulikwepa kwa kufunga mlango wa chumba na kufungua sura inayofuata asubuhi: namna ya kuandika tukio la mapenzi lenye joto, na msaada ambao mwandishi anaweza kuupata katika muziki. Mwenzangu Salim ana msimamo wake, nami ninao wangu.

SALIM: Ahsante, Bi Zuhura. Watu hudhani kwamba muziki humsaidia mwandishi kwa kumtia hamu, lakini mimi naona faida yake kubwa ni kumfundisha kuchelewesha. Chukua taarabu ya Unguja kama inavyopigwa na Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa mwaka 1905. Kwa desturi ya zamani hafla hufunguliwa kwa bashrafu, yaani muziki wa ala peke yake, na hata wimbo wenyewe unapoanza, mwimbaji hukaa kimya huku fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zikitangulia. Msikilizaji ameshautambua wimbo, anaingoja sauti, na sauti haiji. Tukio la mapenzi huanzia katika kungoja huko, mapema sana kabla ya kifungo cha kwanza kufunguliwa.

ZUHURA: Hapo nakubaliana nawe, Bwana Salim, ila wapo wanaochelewesha kurasa tatu nzima hadi msomaji akasinzia. Anayechelewesha sharti awe anaongeza kitu. Mtazame mpiga kanuni: kidole cha shahada cha kila mkono kimevikwa pete inayoshika kipande chembamba cha kupigia, nyuzi zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na anapopiga taksimu, yaani anapobuni peke yake, haendi moja kwa moja kwenye sauti anayoitaka. Huizunguka, huigusa, huiacha, kisha huirudia kwa juu, na kila anaporudi tunasikia jambo ambalo hatukulisikia mwanzo.

SALIM: Basi tulitie hilo katika nathari. Tuseme wahusika wetu ni mke na mume waliokaa mbali kwa miezi mingi kwa sababu mume ni baharia, na usiku huu wametoka harusini. Rasimu ya mwandishi mchanga husema hivi: “Alimvuta kwake, akambusu kwa mahaba mazito, na moto wa mapenzi ukawaka.” Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini imemaliza kila kitu kwa pumzi moja, na moto wenyewe hatuuoni unaunguza nini.

ZUHURA: Mimi ningeiandika hivi: “Akaketi ukingoni mwa kitanda, akampa mgongo ili amfungue asumini alizobana nyweleni. Pini ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakataa, na vidole vyake, vilivyozoea kamba za chombo, vikakaa shingoni kupita ilivyohitaji pini. Naye mke akainamisha kichwa, asiseme neno, akangoja, akijua kwamba anangojwa pia.”

SALIM: Hapo kuna mapigo. Sentensi ya maneno manne imekatika kama pigo la ngoma ya dumbaki, kisha ikafuata ndefu yenye vituo vingi, na kila kituo ni pumzi. Aliyekulia katika mashairi hulifahamu jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani, yaani silabi, 16, nao hugawanyika katikati, nane kwa nane. Sikio limezoea kusimama kidogo kabla ya kushuka. Nimependa pia kwamba mke ndiye aliyempa mgongo. Msomaji anaona wazi kwamba anataka, na hakuna aliyehitaji kueleza.

ZUHURA: Hilo ni la msingi. Pasipo utashi wa wote wawili, tukio huwa jambo jingine kabisa, hata lipambwe kwa lugha tamu namna gani.

SALIM: Tugusie lugha hiyo, maana ndiyo inayowashinda wengi. Maneno yetu ya mwili yamegawanyika: haya ya zahanati, yale ya matusi. Je, mafumbo ya taarabu hayatoshi kutuvusha?

ZUHURA: Yanatosha kwa kiasi, na kiasi hicho kina sababu yake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na tangu enzi yake wimbo wa taarabu umesikilizwa na kadamnasi: mzee, kijana, mkwe na jirani wako pamoja, na fumbo linamwezesha kila mmoja kuchukua kilicho chake bila kuaibika. Riwaya husomwa na mtu mmoja, pengine kitandani, na hakuna mkwe wa kumstahi. Fumbo zito mno kwenye riwaya huonekana kama uoga wa mwandishi. Zaidi ya hayo, asali, bustani na waridi vimechakaa kwa kutumika. Msomaji akikutana na nyuki anayetua juu ya ua, anacheka. Mimi humshauri mwandishi aache fumbo na ashike kitu halisi, kama ile pini.

SALIM: Na wasikilizaji wetu wasiopenda taarabu?

ZUHURA: Wasikilize rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2021. Beti huimbwa taratibu, sauti zikipokezana, kisha magita yanachukua nafasi katika sebene na watu wanainuka kucheza. Kosa la waandishi wengi ni kuanzia kwenye sebene. Wimbo ulioanzia huko hauna pa kupanda.

SALIM: Mimi nikiandika huweka nyimbo zenye maneno, na hazinisumbui.

ZUHURA: Nimeusoma mswada wako, kaka yangu, na maneno ya waimbaji yamo humo ndani. Weka ala tupu wakati wa kuandika, na wakati wa kusahihisha uzime kila kitu, usome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, sentensi imepoteza mwendo wake.

SALIM: Nisome kwa sauti tukio kama lile, na nyumbani kwangu anaishi shemeji?

ZUHURA: Ngoja aende sokoni, lakini usinong’one, kwa sababu ukinong’ona kila sentensi huonekana tamu.