Kabla hujamsingizia mwewe: mazungumzo na wafugaji wa uani

Haya jamani sogeeni mbele kidogo, hii spika inakatakata. Leo tunaongelea hawa wadogo wetu, sungura, simbilisi, vitoto vya paka, vifaranga wanaofugwa na watoto, na ndege wanaokuja kuwanyakua uani mchana kweupe.

Kwanza niwaulize, ukikuta kifaranga hayupo unajuaje ni mwewe? Manake hapa Dar anasingiziwa sana. Angalia saa. Mwewe anawinda mchana, mnyama akipotea usiku hiyo kesi siyo yake, muulize kicheche, paka shume au bundi. Halafu angalia kilichobaki, mwewe akinyakua kaondoka, damu huoni wala mzoga huoni, sasa ukikuta kuku kadhaa wamelala wameng'atwa shingo na hawajaliwa hapo tafuta kicheche au nguchiro. Na kunguru jee? Hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakasambaa pwani nzima, vifaranga wanakula kwelikweli, na mimi kwa mtazamo wangu mjini hapa wanamaliza wengi kuliko mwewe, ila mwewe ndo anatukanwa kwa sababu anaonekana akizunguka juu.

Mwewe mwenyewe, yule wa mkia wenye panda na mdomo wa njano, hafiki hata kilo moja. Kwa hiyo sungura mzima wa kilo tatu hamnyanyui hata afanyeje. Ila kitoto cha sungura, simbilisi mchanga, kifaranga ambaye hajafika miezi miwili, hao ndo saizi yake. Kipanga ni mtu mwingine kabisa, yeye hazunguki juu, anakaa kimya ndani ya mwembe halafu anachomoka chinichini na we unachosikia ni mama kuku anapiga kelele, basi. Na nyie mnaokaa karibu na msitu wa maana, mfano wenzetu wa pale Karura Nairobi, kuna tai wa msituni mwenye kishungi ambaye chakula chake ni tumbili na paa wadogo, huyo kijibwa cha kilo tatu hakimsumbui, na hata asiporuka nacho zile kucha zinatosha kuua.

Sasa kinga, na hapa nitakaa kidogo. Unakuta mtu kajenga banda zuri, waya pande zote nne, halafu juu wazi! Sasa adui anatokea wapi? Funika juu ndugu zangu. Waya wa kuku ukiwa bei ghali nenda Feri, pale soko la samaki, kaulize neti chakavu kwa wavuvi, chagua yenye uzi mnene unaoonekana kisha uivute ikaze, kwa sababu ile ya nailoni nyembamba isiyoonekana ikilegea inanasa njiwa, inanasa bundi, na simbilisi wako mwenyewe akiingiza mguu ndo hivyo tena. Pasheni pia, ukiitambaza kwenye kichanja juu ya uwanja wa sungura unapata kivuli, matunda, na mwewe haoni kitu. Na ndani weka pa kujificha, tenga lililopinduliwa, kipande cha bomba pana, boksi lenye tundu, manake simbilisi akishtuka na hana pa kukimbilia anaganda tu palepale na huyo wa juu anachukua kiulaini.

CD za kuning'iniza ili zing'ae zimtishe mwewe? Zinasaidia siku chache wakishazoea wanapita tu, labda uwe unahamishahamisha. Kupaka vifaranga rangi ya zambarau eti mwewe asiwatambue, sijui, mimi naona inafurahisha watoto zaidi. Jogoo ndo mlinzi, ana mlio wake wa hatari ya angani na mwingine wa hatari ya chini, na vifaranga wanaukimbilia uvungu wakiusikia ule wa juu. Ila msiwafungulie asubuhi mapema mkidhani ni salama, mtu ataniambia mwewe anasubiri jua lipashe ardhi hewa ya moto imnyanyue, kweli, lakini kipanga alfajiri yupo macho.

Kuna kaka kaniuliza wakati wa chai kuhusu kuweka nyama ya sumu juu ya paa la nyumba ili imuue mwewe. Hapana. Kunguru ataibeba ataidondosha kwa jirani, atakufa mbwa wa jirani, na mtoto anaokota. Kenya dawa ya wadudu ya shamba iliwekwa kwenye mizoga wakafa simba na tumbusi. Na hapa kwetu kuna sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, usijitafutie kesi kwa kifaranga.

Eeh, mama pale nyuma? Bundi akitua juu ya banda? Muache mama, watu wanamuua bure kwa mambo ya uchawi wakati kafuata panya wanaokula pumba zako. We funga mlango jua likizama, ziba matundu, na kile kitoto cha paka kilale ndani.