Baba Mwenye Miguu Sita

KOMBO: Haya wasikilizaji, hamjambo? Mimi Kombo, niko na dada yangu Mwanaidi, na sauti zetu leo mtatusamehe. Tumeamka saa kumi alfajiri.

MWANAIDI: Nani kaamka saa kumi? Nimekugongea dirisha saa kumi na moja, ukatoka na kikoi!

KOMBO: Yaishe, dada. Tulikwenda Bwawa la Mabayani kutazama ndege. Yale maji ya Mto Zigi, yanateremka toka Usambara Mashariki mpaka mabombani kwetu Tanga mjini.

MWANAIDI: Na ruhusa tuliomba kabla, maana pale ni chanzo cha maji, si Raskazone pa kwenda kupunga upepo. Tulipofika ukungu ulikuwa bado. Huoni kitu, unamsikia furukombe tu, sauti inapasua bwawa zima.

KOMBO: Ukungu ulipoondoka ndiyo tukawaona minandi, juu ya mti mkavu, wametandaza mbawa kama kanga zilizoanikwa.

MWANAIDI: Manyoya ya mnandi yanaloa, ndiyo yanamsaidia kuzama afukuze samaki. Akitoka lazima ajianike. Sasa wameanikwa vizuri, nasogea polepole… simu ya Kombo ikapiga taarabu.

KOMBO: Mama alikuwa anauliza kama nimekunywa chai.

MWANAIDI: Wote wakaruka! Nilitamani kulia. Basi nikageukia kwenye mayungiyungi, bora hata nilivyogeuka. Kuna ndege wa rangi ya hudhurungi, kipaji cha buluu, vidole virefu ajabu, anatembea juu ya majani wala hazami. Namhesabu miguu. Sita.

KOMBO: Akanipa darubini, nikamwambia hii umeuziwa mbovu. Miwili imesimama, mingine minne inaning'inia ubavuni kama vijiti.

MWANAIDI: Tukatulia, hata mbu tukamwacha anywe. Mara akalegeza mbawa, vifaranga viwili hao, pu, wakadondoka kwenye jani! Kumbe alikuwa amewakumbatia kwapani, miguu ikabaki nje.

KOMBO: Nikasema, mama huyu ana huruma.

MWANAIDI: Nikamwambia, huyo baba! Kwa ndege hawa jike anataga, anamwachia dume mayai, anakwenda zake kwa dume mwingine. Anayeatamia ni dume, anayelea ni dume.

KOMBO: Mume mwingine tena? Hii tusiirushe mchana, wazee watatupigia simu.

MWANAIDI: Waache wapige. Tena jike ni mkubwa kuliko dume, na ndiye anayelinda eneo.

KOMBO: Yule ndege fundi chuma na lile jumba lake la vijiti tutalisema wiki ijayo. Ila huyu wa miguu sita, jina la kienyeji hatulijui. Kama uko Amboni au Pongwe na bibi yako anamwita kitu, turekodie sauti ya bibi ututumie.

[Simu inalia, taarabu.]

MWANAIDI: Kombo.

KOMBO: Ni mama.